Mwezi wa nne wa dawa za TB

Siku ya kwanza nilipomeza, mkojo ukatoka rangi ya Fanta. Nikampigia dada usiku nalia, "Damu hii!" Kumbe ni rifampisini, moja ya dawa zenyewe, hata machozi yangu yalikuwa na rangi hiyohiyo.

Miezi miwili ya mwanzo, vidonge vyenye dawa nne kwa pamoja, ndiyo ilinitoa jasho. Magoti yaliuma nikawa napanda ngazi kama bibi. Halafu nyayo zikaanza kuwaka moto, vidole ganzi. Hiyo ni isoniazidi, nyingine katika zile nne. Wakaniongezea vitamini B6, ikapoa taratibu.

Kilichonitisha kweli ni macho kuwa ya njano na kila nikila natapika. Nikarudi kliniki siku ileile. Wakapima ini, wakasimamisha dawa zote, likatulia, wakazirudisha moja moja huku wakinipima. Wiki hizo zimenisogeza mbele, kwa hiyo miezi sita yangu haitaishia pale nilipopanga.

Kilo zimeanza kurudi, namshukuru Mungu. Ila mama bado ananitengea kikombe changu peke yake kabatini, na daktari alishamwambia siambukizi tena. Nimemwacha tu.