Nilivyozipa Alama Picha 42 za Mtu Mmoja

Klabu ya wapiga picha iliponiomba niwe jaji wa picha za sura zilizopigwa katika jioni yao ya studio, nilikubali upesi, na uzito wa kazi niliuona nilipozifungua picha zenyewe. Zilikuwa 42, zote za mwanamke yuleyule, ameketi kwenye kiti kilekile, akimulikwa na taa mbili zilizokuwa zimekwisha kupangwa kabla wanachama hawajaingia. Sikuona haki kumpa mtu alama kwa mwanga ambao hakuupanga yeye, kwa hiyo ilinibidi nitafute katika kila picha kile kilichokuwa chake.

Mara ya kwanza nilizipitia zote bila kuandika chochote. Mara ya pili nilizikuza na kulikagua jicho lililo karibu na kamera, kwa kuwa hilo lisipokuwa kali picha ya sura hupoteza nguvu. Kadhaa zilikwama hapo: wapigaji walikuwa wameufungua sana uwazi wa lenzi, hadi f/1.8, ambapo ni sehemu nyembamba tu ya picha hutoka kali, ilhali flashi za studio zilitosha kabisa kwa uwazi mdogo wa f/8, na fokasi, yaani ile sehemu kali, ikaangukia hereni. Mbili zilikuwa na utepe mweusi upande mmoja, kwa sababu kasi ya shata, pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, ilipita ile inayokwenda pamoja na flashi, ambayo katika kamera nyingi ni takribani 1/200 au 1/250 ya sekunde.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa ile pembetatu ndogo ya nuru chini ya jicho, kwenye shavu lenye kivuli, ambayo wapiga picha huiita kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1669. Taa hazikusogezwa jioni nzima, lakini pembetatu hiyo ilionekana katika picha 9 tu, kwa maana inategemea uso umegeuzwa kiasi gani. Hapo ndipo nilipoanza kuona nani alizungumza na mwanamke yule na nani alibonyeza tu.

Picha mbili zilinisumbua hadi nikaziacha mpaka kesho yake. Moja haikuwa na kosa la ufundi, ila mhariri wake alikuwa ameisafisha ngozi ya uso hadi ikawa kama plastiki, huku shingo ikibaki na mikunjo yake, na kwa kweli jambo hilo huniumiza, kwa sababu uso wenyewe ulikuwa mzuri bila msaada huo. Nyingine ilikuwa na unywele uliokatiza paji la uso, lakini midomo ilikuwa haijafungika sawasawa, kama ya mtu aliyetoka kusema neno, na vidole vilivyofumbatana katika picha nyingine zote, hapa vilikuwa vimelegea. Niliipa hiyo nafasi ya kwanza, na ile safi ikawa ya tatu.

Nilipotangaza matokeo, mwenye picha ya tatu alisimama akataka maelezo, kwa adabu. Niliziweka zote mbili kwenye skrini na kumwomba aitazame mikono peke yake. Alitazama kwa kitambo, kisha akauliza mpigaji wa ile ya kwanza alimwambia nini yule mwanamke. Nilimjibu kwamba mimi sikuwepo, ila mpigaji huyo alikuwa ameketi safu ya nyuma, naye akamfuata palepale kumuuliza.