Nilivyolinganisha stenti za dawa kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo, baada ya jedwali langu la kwanza kunidanganya

Ushauri wa kwanza niliopewa kuhusu stenti, vile vibomba vya wavu wa chuma vinavyoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi: chukua stenti yenye nyuzi nyembamba kuliko zote, mengine porojo. Wa pili: siku hizi zote sawa, tazama bei tu. Nilichokipata mwishoni hakimfurahishi hata mmoja wa washauri hao.

Nilianza kama anavyoanza kila mtu, na jedwali. Jina la stenti, dawa, chuma, unene wa nyuzi, polima (plastiki inayobeba dawa), halafu asilimia ya kushindwa kwa stenti ndani ya mwaka mmoja, yaani kifo cha moyo, mshtuko kwenye mshipa uliotibiwa, au kulazimika kurudia matibabu palepale. Likapendeza kama kanga mpya. Kasoro ilijitokeza nilipopanga safu ya mwisho kuanzia ndogo hadi kubwa: Xience, stenti moja tu, ilikuwa imekaa sehemu tatu. Kwenye jaribio la ABSORB III ilikuwa asilimia 6.1. Kwenye BIOSTEMI, 6. Kwenye BIOFLOW V, karibu 10.

Stenti ni ileile: kobalti-kromiamu, mikroni 81 (mikroni elfu moja ni milimita moja), dawa ya everolimusi, polima ya kudumu. Chuma hakikugeuka, ila wagonjwa na namna ya kuhesabu viligeuka. Upande wa Xience katika BIOFLOW V, mshtuko kwenye mshipa uliotibiwa pekee ulifika asilimia 8, na jaribio hilo halikuchukua watu waliofika na mshipa ulioziba kabisa, wale ambao ECG (mchoro wa umeme wa moyo) inaonyesha sehemu iitwayo ST imepanda. BIOSTEMI iliwachukua hao tu. Mgonjwa wa namna hiyo anaingia maabara ya moyo troponini yake (protini ya damu inayoonyesha misuli ya moyo imeumia) tayari iko juu. Puto la kutanulia mshipa likimuumiza misuli ya moyo kidogo zaidi, utaliona wapi? Kwa mgonjwa aliyekuja ametulia, madhara hayohayo yanaonekana wazi kwenye kipimo na yanahesabiwa. Kwa hiyo wagonjwa mahututi zaidi wanaweza kuonekana wamepata matokeo mazuri zaidi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutoa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa takwimu hizo!

Dawa yake ni hii: Xience niliifanya jiwe la mizani. Sisomi tena asilimia ya stenti peke yake, nasoma tofauti yake na Xience ndani ya jaribio hilohilo, kisha nageuza tofauti kuwa watu. BIOSTEMI (2019): walioshindwa ni 25 kati ya 649 waliowekewa Orsiro, stenti nyingine, na 36 kati ya 651 wa Xience. Tofauti ni kama asilimia 1.6, maana yake uwatibu watu wapatao 60 kwa Orsiro ili umwokoe mmoja na tatizo lile. Tatizo lipi? Fungua kapu, yaani yale mambo matatu yanayohesabiwa pamoja kama kushindwa. Vifo havikutofautiana kwa maana yoyote, kilichopungua hasa ni kurudia matibabu palepale. Na uandike pembeni kwamba hesabu ya jaribio hilo ilikopa ushahidi wa wagonjwa wa jaribio la awali la BIOSCIENCE. Si kosa, lilipangwa hivyo tangu mwanzo, lakini deni ni deni.

Sasa habari ya wembamba, ambayo watu wanaiimba kama kiitikio. Orsiro inasifiwa kwa mikroni 60. Ni kweli, kwa stenti za kipenyo cha hadi milimita 3.0. Ukichukua ya 3.5 unakuta mikroni 80. Xience ni 81. Mikroni moja! Na wapo wagonjwa wa mshipa ulioziba ghafla ambao mahali palipoziba ni papana, saizi ni 3.5 na kuendelea. Hata kwenye zile ndogo huwezi kuapa kwamba ni wembamba uliofanya kazi, kwa sababu vimebadilika vitu vitatu kwa pamoja: unene, dawa (sirolimusi badala ya everolimusi), na polima inayoyeyuka badala ya inayobaki. Unene una maana, sikatai. Absorb, ile ya kuyeyuka yenyewe, ilikuwa na mikroni zipatazo 150 na iliondolewa sokoni 2017. Lakini stenti yenye dawa ya biolimusi kwenye jaribio la COMFORTABLE-AMI, nene ya mikroni 120 hivi, iliipiku stenti isiyo na dawa kwa asilimia 4.3 dhidi ya 8.7. Hapo mmoja anaokolewa kwa kila watu 23. Ndiyo maana stenti tupu nilizifuta bila kuumiza kichwa.

Kilichonishangaza ni kwamba faida kubwa haikuwa kwenye safu ya majina. Jaribio la IVUS-ACS (2024), wagonjwa 3,505: waliowekewa stenti kwa kuongozwa na picha za ndani ya mshipa walishindwa asilimia 4.0, walioongozwa na picha za kawaida 7.3. Mmoja kwa kila 30. (Najua, kipimo chao kinahesabu mshipa mzima, nami nimetoka kukemea kuchanganya vipimo. Basi chukua ukubwa wake kwa makadirio.) Sababu inaeleweka. Mshipa wa mtu aliye kwenye mshtuko umejibana na una bonge la damu, unauona wa milimita 3.0 kumbe ni 3.5. Stenti inakaa vizuri leo, kesho mshipa unalegea, bonge linayeyuka, nyuzi zinabaki zinaning'inia mbali na ukuta, na damu inaanza kuganda hapo. Kama shinikizo la damu linaruhusu, nitrogliserini mikrogramu 100 hadi 200 ndani ya mshipa kabla ya kupima saizi. Na kukiwa na bonge kubwa, usishindilie puto la mwisho kwa nguvu: vipande vinasukumwa chini na damu inagoma kupita.

Ukiambiwa stenti fulani "inaruhusu mwezi mmoja tu" wa dawa mbili za kuzuia damu kuganda (asprini na mwenzake), uliza inabaki dawa ipi. Jaribio la ULTIMATE-DAPT liliondoa asprini baada ya mwezi mmoja likabakiza tikagrelo: kutokwa damu kukashuka kutoka asilimia 4.6 hadi 2.1, na matatizo ya moyo na kiharusi hayakuongezeka. Jaribio la STOPDAPT-2 ACS lilibakiza klopidogreli baada ya mwezi mmoja au miwili, na mshtuko wa moyo ukaongezeka.

Jedwali la kwanza bado ninalo. Safu ya asilimia nimeifuta, nimeweka ya tofauti na Xience na ya kilichomo ndani ya kapu. Ya unene nimeigawa mara mbili: hadi milimita 3.0, na zaidi ya hapo.