Samaki Saba wa Kwenye Friza

Shemeji yangu anaisimulia habari hii kila tunapokutana. Harusini anaisimulia, msibani anaisimulia, na siku ya kipaimara cha mwanangu aliisimulia mbele ya padri. Kila mara mjinga wa hadithi ni mimi. Sikatai. Ila kuna mambo anayaruka, hasa yale yanayomhusu yeye, kwa hiyo leo naandika ya kwangu.

Ilikuwa Februari 2014, Minnesota, Marekani. Waliokuwa huku mwaka ule hawahitaji kukumbushwa. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 6 Januari, Gavana Mark Dayton alifunga shule za jimbo zima kwa sababu ya baridi tu. Si mafuriko, si ugonjwa, baridi. Ukitoka nje vinyweleo vya puani vinaganda papo hapo. Shemeji alikuwa amefika Agosti akitokea kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, na tangu Novemba alikuwa hajaacha kuniuliza kama kweli watu wenye akili walikaa wakakubaliana kujenga mji mahali hapa.

Yeye ni mtoto wa mvuvi. Amekulia mwaloni, amevuta dagaa usiku kwa karabai tangu hajabalehe. Mimi nimezaliwa Kirumba, Mwanza, jirani kabisa na soko la samaki, lakini samaki nilikuwa namjua akishafika kwenye mizani. Shemeji alinidharau kidogo kwa hilo, kwa upole, kama wanavyodharauliwa watu wa mjini. Sasa fikiria sura yake nilipomwambia kwamba Jumamosi nitampeleka kuvua, na kwamba tutakwenda ziwani kwa miguu.

Mimi nilifundishwa na fundi wa matengenezo pale nilipokuwa nafanya zamu za usiku, nyumba ya kutunzia wazee. Mzee wa Kizungu, mkimya, wa kuongea maneno kumi kwa zamu nzima. Alinichukua mara mbili majira yale, na wiki ile mgongo ulikuwa umemkamata, akaniazima vyombo vyake vyote: hema la kukunja, jiko dogo la gesi, keekee ya kutobolea barafu, sleji ya plastiki ya kuvutia mizigo, na ile mashine ya duara inayoonyesha samaki kwa mistari ya kijani na nyekundu. Aliniambia kitu kimoja tu wakati ananikabidhi: "Hesabu samaki wako." Nikadhani anatania.

Ziwa lenyewe ni Medicine Lake, pale Plymouth, si mbali na kwetu Brooklyn Park. Shemeji alifika ukingoni akasimama. Mbele yake kulikuwa na magari yameegeshwa katikati ya ziwa. Nikamweleza kwamba sentimita 10 za barafu safi na ngumu zinatosha kumbeba mtu anayetembea, na mwaka ule barafu ilikuwa imepita nusu mita. Akasema sawa, akafanya ishara ya msalaba, akatanguliza mguu mmoja kama anayejaribu maji ya kuoga.

Tulipofika kama mita mia mbili hivi, barafu ikalia. Asiyewahi kuisikia atanisamehe, sijui niifananishe na nini. Ni mngurumo unaoanzia mbali, unapita chini ya nyayo zako, unaenda kuishia ng'ambo ya pili. Barafu inatanuka na kusinyaa, ndiyo kazi yake, haina maana kwamba inavunjika. Hayo nilimweleza shemeji akiwa tayari amelala kifudifudi. Hii sehemu yeye huwa haisimulii.

Tukatoboa mashimo manne. Majira ya baridi sheria ya huku inamruhusu kila mtu nyuzi mbili, ingawa kiangazi ni uzi mmoja tu. Maji yakapanda shimoni, meusi, yakiwa na unga wa barafu juu yake, nikauteka kwa upawa wenye matundu. Chambo ni funza weupe, wanene, unawaweka kwenye kikopo ndani ya koti wasigande. Ndoano ni ndogo kiasi kwamba shemeji aliiweka kiganjani akacheka. "Shemeji, hii tunavulia samaki au tunatolea mwiba?"

Krapi ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Kwa mbali unaweza kudhani ni sato: bapa, mpana, mweupe wa fedha. Ukimkaribia unaona madoa meusi yaliyotapakaa kama mtu amekung'uta kalamu ya wino, na jicho kubwa. Hawana udugu na sato hata kidogo. Mdomo wake ni mwembamba, ngozi tupu, ukivuta kwa pupa unachanika na samaki anakwenda zake. Na huwa hakai chini kabisa, anaelea katikati ya maji akitazama juu, kwa hiyo chambo lazima kikae juu ya kichwa chake. Ukikishusha chini yake hakioni. Mkono wa mtu aliyezoea kuvuta nyavu haukuelewa mambo haya. Shemeji alipoteza watatu wa mwanzo mfululizo, na kila mmoja alimsindikiza kwa tusi la Kikerewe ambalo sikuliomba tafsiri.

Jua lilipozama ndipo wakaja. Kwenye ile mashine mstari mwekundu ulinyanyuka taratibu, ukaja wa pili, ukaja rundo. Ncha ya fimbo haikushuka, ilinyanyuka, kwa sababu krapi humeza huku akipanda na uzi unalegea. Unavuta polepole, kwa kifundo cha mkono tu. Tukawa tunawatupa nje ya hema juu ya theluji, wanapigapiga mara mbili tatu wanakauka kama vibao.

Katikati ya shughuli shemeji alitoka kujisaidia, akakawia. Nikamfuata. Alikuwa amesimama anatazama ziwa. Mahema yalikuwa yametapakaa, kila moja lina taa ndani, mekundu, ya bluu, ya njano, mpaka mwisho wa macho. Akasema, "Kama kwetu siku za giza la mwezi." Kweli. Ukisimama Ukerewe usiku wa dagaa ndivyo ziwa linavyokuwa, karabai kwa karabai. Hatukusema zaidi, baridi haikuruhusu.

Sasa, hesabu. Kikomo cha krapi Minnesota ni kumi kwa mtu. Shemeji aliliona hilo ni jambo la ajabu. Kwetu alizoea kipimo cha urefu: sangara chini ya sentimita 50 alikuwa haruhusiwi, na wakati ule aliyezidi 85 alikuwa haruhusiwi pia, kwa kuwa ndiye mzazi. Alizoea macho ya nyavu kupimwa, alizoea kokoro, ule wavu wa kukokota, kukamatwa. Lakini kumhesabu samaki mmoja mmoja kama mbuzi? Samaki anapimwa kwa kilo, kwa ndoo, kwa tenga. "Kumi si uvuvi," akasema, "kumi ni mboga ya jioni."

Akaja na hila. Wale wadogo tuwarudishe majini, nafasi zao tuwape wakubwa. Hapo nilimkatalia, na hii nataka aikubali hadharani. Tulikuwa tunavua kwenye kina cha karibu mita kumi. Krapi akitolewa kina kile, hewa ya tumboni inatanuka, macho yanatoka, wakati mwingine tumbo lenyewe linasukumwa mpaka mdomoni. Ukimrudisha anaelea chini ya barafu mpaka anakufa. Fundi alikuwa amenionyesha mmoja, kageuka ubavu ndani ya shimo, mkia unacheza bure. Ukimtoa kina kirefu ni wako, afe au asife. Ukifika kumi funga virago.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenisimulia habari ya Red Lake kule kaskazini, na nilimsimulia shemeji tukingoja. Samaki wa heshima huku ni wolayi. Kule Red Lake walimvua, kwa leseni na kwa magendo, mpaka akaisha. Mwaka 1999 Waojibwe wa Red Lake, wenyeji wa asili wa kule, ambao ndio wenye sehemu kubwa ya ziwa hilo, walikubaliana na jimbo kwamba hakuna kumgusa wolayi. Wakapanda vifaranga, wakangoja. Uvuvi ulifunguliwa tena 2006. Katika miaka hiyo ya katikati krapi wakajaa, wakubwa ajabu, watu wakawa wanatoka majimbo mengine kuwafuata.

Shemeji akahesabu kwa vidole. "Miaka saba?" Akanyamaza. "Miaka saba baba angetulisha nini?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Mimi nilifika kumi mapema, nikakunja nyuzi zangu. Shemeji alikuwa na tisa. Nikamwambia twende. Akasema hawezi kurudi nyumbani amezidiwa na mtu wa Kirumba. Saa nzima tulikaa tukimngoja huyo wa kumi, gesi inaelekea kuisha, na laiti tungeondoka nilipotaka kuondoka, habari hii isingekuwepo.

Tukasikia injini. Taa moja kali inakuja juu ya barafu, inasimama hema hili, inasimama hema lile. Shemeji alichungulia, uso ukabadilika.

"Shemeji, doria! Zima taa!"

Kabla sijajibu alikuwa nje, anawafukia samaki kwa theluji kwa mikono miwili. Mtu mzima, ana leseni halali mfukoni, hajavunja sheria yoyote. Miaka yote ya kukimbia na nyavu za watu wazima vichakani ilimrudia kwa sekunde moja. Askari alipofika alimkuta amepiga magoti amekumbatia kichuguu cha theluji.

Alikuwa mwanamke, amevaa mpaka anaonekana macho tu. Akasalimia vizuri, akaomba radhi kwa usumbufu, akaomba leseni. Kisha akaangalia kichuguu. "Na hao?" Shemeji akafukua. Walikuwa wameshikana barafu, ikabidi niwaachanishe kwa kisigino, mmoja mmoja, yeye akihesabu. Kumi na tisa. Watu wawili, ishirini. Akatupongeza. Nikaona nimeshinda, na mtu akishaona ameshinda ndipo mdomo unapolegea.

Akauliza, kwa sauti ya mazungumzo tu: "Na nyumbani, mna wengine?"

"Ndiyo," nikasema kwa furaha. "Kwenye friza. Wa Jumamosi iliyopita. Vipande kumi na vinne."

Shemeji alikuwa hajui Kiingereza cha kutosha, lakini neno friza alilielewa. Aligeuka akaniangalia kama ninavyoangaliwa mpaka leo.

Vipande viwili ni samaki mmoja, askari akaeleza, kwa hiyo wale ni saba. Kikomo cha kumi si cha siku tu, ni cha ulionao, popote walipo. Wa ndoo, wa barafuni, wa friza, wote wanahesabiwa. Mimi basi nilikuwa na kumi na saba. Shemeji na tisa zake alikuwa msafi. Akaniandikia onyo badala ya faini, akasema ni kwa sababu nimesema ukweli bila kulazimishwa, akachukua saba. Alichagua bila upendeleo, wanono na wembamba. Nilibaki na watatu. Mvuvi wa Ukerewe alikuwa ameshinda tisa kwa tatu, na hakuwa na haja ya huyo wa kumi tena.

Garini hakusema neno mpaka tulipokaribia nyumbani. "Shemeji, alikuona na friza mgongoni?"

Mke wangu alitufungulia, akachungulia ndoo. Nikamweleza yote, na kwamba tangu leo samaki wa kwenye friza wanahesabiwa, asiwaguse kabla sijajua wamebaki wangapi.

"Samaki gani, baba watoto?"

"Wale saba."

"Wale si tulikula Alhamisi na jumuiya? Ulikuwa umelala, unaingia zamu usiku. Nilikuachia kipande ukasema huna hamu."

Nilikwenda kufungua friza mwenyewe. Mbaazi, mfuko wa unga wa muhogo, barafu ya vipande. Kipande nilikikumbuka pia, kilikuwa kimefunikwa kwa sahani juu ya jiko.

Shemeji alikaa chini palepale jikoni, na viatu vyake vya theluji, akacheka mpaka dada yake akamletea maji. Usiku ule kule kwetu kulikuwa kumepambazuka, akapiga simu Ukerewe na kuweka sauti kubwa ili nami nisikie. Alisimulia yote: mashimo, taa, askari, friza. Baba mkwe alisikiliza bila kukatiza, na sisi tukawa tunasikia jogoo nyuma yake.

"Huyo mama askari," akauliza mwishowe, "hakuja na mizani?"

"Hakuja nayo, baba. Alihesabu tu."

"Na hao saba wa mkwe wangu wako wapi sasa?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameuliza.