Yule mzee aliniachia?

Tangu Jumamosi kuna kitu kinanikereketa. Nimeona bora niandike kuliko kumwamsha Baba nimuulize tena, maana jana alishaniambia niache kumsumbua kama karani wa mahakama.

Mnajua nilivyohangaika kutafuta bao tangu ahamie kwangu na goti lake. Maduka ya mjini yana Monopoly na Scrabble kwenye maboksi, bei zake za kumtia mtu homa. Kariakoo ludo za plastiki zimejaa tele. Duka moja la vinyago wakanitolea kibao cha kukunja, safu mbili, mashimo sita sita, bawaba zinang'aa katikati. Kizuri, usiseme. Muuzaji akaniapia kwamba bao ndilo hilo. Safu mbili, badala ya nne! Nikamwambia nampelekea mtu wa Makunduchi, Unguja, nikiingia na hicho atanifukuza kwenye nyumba ninayolipa kodi mwenyewe.

Kumbe nilichokuwa nakitafuta kipo Keko, katikati ya vitanda na makabati. Hata duka siwezi kuliita. Ni banda la seremala mmoja mzee, mabao kayatundika ukutani juu ya misumeno: ya mninga, ya mwembe kwa wenye mfuko mwepesi, na pembeni mbao za drafti na keram moja kubwa imepakwa poda. Wateja wanaosubiri vitanda vyao wanakaa kwenye benchi wanacheza, na wengine nadhani hawana kitanda wanachosubiri. Nilisimama pale mlangoni nikacheka peke yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unacheza au unapamba?"

"Nacheza."

Hakubisha. Akashusha bao la mninga, akalifuta vumbi kwa kanzu ya kazi, akaniambia nitie mkono shimoni. Vidole vyote vikaingia, chini kumelainishwa vizuri. "Shimo likiwa finyu kete zinabaki, halafu mnagombana nani kasahau." Nyumba zote mbili, yale mashimo makuu, moja kwa kila mchezaji, kazichonga mraba kwa patasi, pembe zimekaa sawa. Kisha akamwaga komwe kwenye sinia, zile za kijivu zenye mistari myembamba, akazihesabu nne nne mpaka 64. Moja akaipima kiganjani, akaitupa nje. "Nyepesi hiyo. Imeoza ndani." Akatafuta nyingine.

Nikafungua pochi. Akasema, "Kaa kwanza."

Sasa nisikilizeni vizuri. Tulikuwa bado tunanamua, yaani tunaingiza kete za mkononi moja moja. Nyumba yangu imeshiba, kete tisa, na shimo lake linaloitazama halikuwa tupu. Alikuwa na pa kula pawili: aile nyumba yangu anifilisi, au ale vikete viwili kule kwenye kimbi, shimo la mwisho wa safu. Akakaa na kete mkononi, anaisugua kwa kidole gumba. Akaniangalia. Akaangalia bao. Akala kimbi.

Baada ya hapo nilisafiri na nyumba yangu, kete zake nikazigawa shimo kwa shimo, nikamkausha taratibu, mpaka safu yake ya mbele ikabaki nyeupe. Wale wa kwenye benchi wakapiga makofi.

"Umenifunga, mwanangu."

"Umeniachia, mzee."

"Elfu themanini. Komwe nakupa bure."

Basi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Nimeligeuza kila upande. Kama hakuniachia, si angesema "sijakuachia"? Kama aliniachia, aliona nini: mwanamke, mteja, au mtu aliyefungua pochi mapema? Na ile komwe ya bure, je, ni zawadi ya mshindi au ni bei ya kuninyamazisha? Wiki yenyewe haikuwa haba. Wakaguzi wameondoka ofisini bila balaa, Zuhura kavishwa pete Jumapili (hongereni, najua mtaniuliza picha), na katika picha zote mimi nimekodoa macho kama ninayedaiwa, kumbe naona kidole gumba kinasugua kete.

Jumatatu usiku nikampangia Baba mchezo ule kama ninavyoukumbuka. Akavaa miwani.

"Hapa angekula nyumba."

"Ndiyo. Hakuila."

"Miye nami ningeiacha."

"Kwa nini, Baba?"

"Mchezo ungekwisha mapema."

Akasema hivyo tu, akaendelea kuokota kete. Nami nikakumbuka baraza ya Makunduchi, nimekaa baina ya magoti yake, namfunga mbele ya watu wazima, kesho yake naringa shule nzima. Ile nyumba yangu iliyokuwa haiguswi. Mafungo yale yote! Nilitaka kumuuliza, nikameza.

Yeye hakungoja niulize wala nini. "Panga," akasema. Akanifunga. Tukapanga upya, akanifunga mkononi, hata kete za kunamua sijazimaliza, akinila huku anaimba puani, goti kalikunja chini ya kiti wala hana habari nalo. Nyumba yangu aliila mara ya kwanza tu alipopata nafasi, akazisambaza kete zangu kwa kishindo mpaka jirani akachungulia dirishani. Sikuwahi kuchezwa hivyo na Baba maisha yangu yote. Nilikwenda kulala nimefungwa vibaya, na nilikuwa nacheka.

Rajabu naye amekomaa hapo pembeni tangu siku ile. Keshajua kupanga: sita nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia, 22 mkononi. Babu yake bado anamwachia. Nimemwona kwa macho yangu, anasugua kete.

Kwa mzee wa Keko nitarudi, Rajabu anataka drafti. Nikimkuta nitakaa tena kwenye lile benchi, na safari hii nitaiweka nyumba yangu wazi makusudi nione.

Ila leo nina jingine. Hawa, dada wetu wa kazi, ameaga alfajiri, anakwenda Handeni kwenye msiba wa shangazi yake, kasema wiki moja tu. Nimeingia chumbani kwake sasa hivi kutafuta pasi. Kabeba begi zima, mpaka kandambili za kuogea.