Kupunguza kelele za feni kwenye kompyuta ya mezani bila kuiacha ichemke

Ninarekodi masomo ya kemia ya kidato cha tatu na cha nne nyumbani kwangu Nyakato, hapa Mwanza, kwa kutumia kompyuta ya mezani ya mtumba, ya aina ile ambayo ofisi za Ulaya huiondoa baada ya miaka michache na sisi huku tukaendelea kuitumia miaka mingi mingine. Kwa mtu wa kurekodi sauti, feni ni kero kubwa, kwa kuwa maikrofoni haichagui cha kusikia. Wengi wanaochoshwa na kelele hizo huanza kuiandama feni yenyewe: huishusha spidi bila kujali joto, au hununua nyingine iliyosifiwa kuwa kimya, kisha mashine inaganda katikati ya kazi saa nane mchana. Msimamo wangu ni kwamba feni ndiyo ya mwisho kuguswa. Inapiga kelele kwa sababu imeamriwa ikimbie, na chochote kinachopunguza joto, au kinachoipa hewa njia nyepesi ya kupita, hupunguza kelele kabla hujatoa shilingi yoyote dukani.

Inafaa kujua kwanza kelele hiyo inatoka wapi. Mota ya feni iliyo nzima karibu haisikiki. Kinachosikika ni hewa inayokatwa na mapanga ya feni na kuvurugika inapogonga matundu ya kasha, nyaya, na mapezi ya hitisinki, yaani kile kipande cha chuma chepesi kilichokaa juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Kiasi cha hewa inayosukumwa hupanda sambamba na spidi, lakini kelele hupanda kwa kasi kubwa zaidi: kwa hesabu za wahandisi, feni ileile ikipunguzwa spidi kwa nusu hupoteza takriban desibeli 15, ilhali punguzo la desibeli 10 tu sikio hulipokea kana kwamba sauti imeshuka kwa nusu. Kwa upande mwingine, feni mbili zinazofanana zikiwashwa pamoja huongeza desibeli 3 tu juu ya kelele ya ile moja. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja utaona kwa nini feni mbili za polepole ni bora kuliko moja inayokimbia. Aina ya sauti nayo ina uzito wake. Feni yenye mapanga saba ikizunguka mara 2,400 kwa dakika hutoa mlio wa hezi 280, ndani kabisa ya eneo la sauti ya mtu anayezungumza; ikishushwa hadi mizunguko 900, mlio huo unateremka hadi hezi 105, ambako masikio yetu si makali sana.

Mwanza ina mambo yake katika suala hili. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Feni husukuma lita zilezile, ila katika kila lita mna hewa pungufu ya kubeba joto, na mashine iliyokuwa tulivu Pwani inaweza kuhitaji spidi ya juu kidogo hapa. Nafuu yetu ni kwamba usiku wetu una ubaridi ambao wenzetu wa Dar hawaupati. Nafuu hiyo hata hivyo inadanganya, kwa sababu joto la prosesa ni joto la chumba likijumlishwa na joto la kazi inayofanywa: chumba kikipanda nyuzi 8, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi 8. Mipangilio iliyojaribiwa saa nne usiku, wakati bati limepoa, si ya kuaminika. Mimi hujaribu alasiri, madirisha yakiwa yamefungwa kama ninavyoyafunga ninaporekodi.

Jambo la pili ni kinachoingia pamoja na hewa. Miezi ya kiangazi huleta vumbi la barabarani, na ziwa huleta wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka majini kwa mawingu, hasa siku za mwezi mwandamo, kisha hufuata taa za nyumba na kufa kwa mamia chini ya balbu. Wanaoangukia karibu na kompyuta huvutwa ndani. Nilipofungua yangu na kuing'oa feni ya prosesa, mapezi ya hitisinki hayakuonekana kabisa: palikuwa na utando mmoja wa kijivu, unene wa karibu nusu sentimita, vumbi limeshikana na mbawa na miguu ya wadudu kiasi kwamba uliweza kuunyanyua kwa kibano ukatoka mzima. Kijana mmoja fundi, ambaye nilimpelekea mashine hiyo nikidhani feni imekwisha, aliutazama akacheka kidogo.

“Mwalimu, feni yako haina ubaya wowote. Inahangaika tu, hewa haina pa kupita.”

Alisema kweli. Usafishaji huo peke yake ulishusha kelele kuliko kitu kingine chochote nilichofanya baadaye. Jinsi ya kuusafisha, hata hivyo, ina taratibu zake. Feni izuiwe kwa kidole au kijiti wakati wa kupuliza, kwa sababu blowa huizungusha kupita kiasi ilichoundiwa na kuharibu beringi zake. Kompresa ya kujazia matairi, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa iko kila kona, siipendekezi: tangi lake hukusanya maji yatokanayo na unyevu wa hewa, na maji hayo hutoka kwa mkupuo pamoja na upepo. Brashi laini ya kupakia rangi na blowa ndogo ya umeme vinatosha, kazi ifanyike nje, na mashine iwe imechomolewa ukutani. Feni ikiendelea kukwaruza baada ya kusafishwa, mara nyingi ni beringi iliyokauka. Katika feni za kawaida mnakuwa na kibandiko katikati. Ukikibandua na kutia tone moja la mafuta ya cherehani, kisha ukakirudisha, kwa kawaida inapata umri mwingine. Mafuta ya kupikia hugandamana na kuifanya iwe mbaya kuliko mwanzo.

Pesti, yaani ule uji mzito unaopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, hukauka baada ya miaka, na katika mashine za mtumba mara nyingi haijawahi kubadilishwa. Washa mashine dakika chache ili pesti ya zamani ilainike, zima, chomoa, ng'oa hitisinki kwa kuizungusha kidogo badala ya kuivuta kwa nguvu, futa pande zote mbili kwa spiriti, kisha weka pesti mpya kiasi cha punje moja ya mchele.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona linapuuzwa kuliko yote, nalo ni kupunguza joto katika chanzo chake. Joto la prosesa hutegemea spidi yake na mraba wa volti inazopewa, na ile spidi ya ziada iitwayo turbo hupandisha vyote viwili kwa pamoja. Prosesa yangu, Core i5-4570, ina spidi ya msingi ya gigahezi 3.2 na hufika 3.6 kwa turbo. Katika Windows, ukiingia kwenye mipangilio ya kina ya umeme na kushusha kiwango cha juu kabisa cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, turbo huzimika, na hasara yake haizidi sehemu moja ya tisa ya spidi. Kwa kuandika, kurekodi na kuhariri sauti sijawahi kuihisi hasara hiyo, lakini tofauti ya joto na ya kelele niliihisi palepale. Wenye mashine mpya zaidi wana njia nzuri kuliko hii: katika bayosi nyingi, yaani programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, unaweza kuwekea prosesa kikomo cha wati, na prosesa nyingi za Ryzen, zile za kampuni ya AMD, zina Eco Mode, ambayo hushusha kikomo hicho kwa hatua moja. Kabla ya hayo yote, fungua orodha ya programu zinazoendeshwa na uangalie kama mashine inafanya kazi hali wewe umekaa tu. Flashi zinazozunguka mitaani hubeba virusi vinavyochimba sarafu za kidijitali kimyakimya, na feni inayokimbia bila sababu inaweza kuwa dalili ya kwanza.

Ndipo unapofika kwenye spidi ya feni. Feni yenye plagi ya pini nne hupokea amri kupitia ishara maalumu huku ikiendelea kupata volti 12 kamili. Ile ya pini tatu huongozwa kwa kupunguziwa volti. Bayosi nyingi za mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) za madukani hukuruhusu kuchora uhusiano kati ya joto na spidi, na pale zisiporuhusu, programu kama Fan Control katika Windows, au lm-sensors pamoja na fancontrol katika Linux, huweza kufanya kazi hiyo. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuchora mstari mkali unaoanza kupanda mapema, hivyo kila ukifungua ukurasa wa intaneti feni hupanda na kushuka. Sikio husamehe sauti isiyobadilika, ila halisamehi sauti inayopanda na kushuka kila mara. Yangu nimeiacha kwenye spidi moja ya chini hadi nyuzi 60, kutoka hapo inapanda taratibu, na inafika mwisho wake kwenye nyuzi 85. Nimeipa pia sekunde kadhaa za kusubiri kabla ya kuitikia, kwa sababu hitisinki iliyo safi hubeba mshtuko mfupi wa joto bila msaada. Prosesa nyingi za Intel za mezani hujipunguza spidi zenyewe zikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo 85 ina nafasi ya kutosha. Mashine za ofisi za chapa kubwa zina ugumu wake: baadhi zina plagi za feni zisizofanana na za wengine, na ukichomoa feni ya asili hukataa kuwaka hadi ubonyeze kitufe cha kukiri kwamba feni haipo.

Kuhusu ukubwa, feni ya milimita 120 ina eneo mara 2.25 ya ile ya milimita 80, na kwa hesabu za karatasini hupitisha hewa ileile ikiwa na chini ya theluthi moja ya spidi. Kasha langu lilikuwa na tundu la feni ya 80 mbele, lililofunikwa kwa bati lenye vitundu vidogo vilivyokuwa vinafyonza kwa mluzi. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea akalikata liwe la 120, mazabodi na vifaa vyote vikiwa vimetolewa, kwa sababu chembe moja ya chuma ikibaki ndani yatosha kuunguza kila kitu. Mbele ya feni nimefunga neti laini ninayoiosha kila mwezi. Feni ya mbele inaingiza hewa nyingi kidogo kuliko ile ya nyuma inavyotoa. Kwa mpangilio huo hewa hutoka kwenye nyufa za kasha badala ya kuingilia humo, na wadudu hubaki kwenye neti.

Mtetemo nao huchukua sehemu yake. Hadidiski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutetemeka kwa hezi 120, na meza nyepesi ya mbao za kubandika huukuza mtetemo huo hadi ukasikika chumba kizima. Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vikiwekwa chini ya miguu ya kasha na kati ya feni na bati, huumaliza kwa bei ya bure. SSD, ambayo ni diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ikichukua nafasi ya hadidiski, chanzo chenyewe kinaondoka. Usiisukumie kompyuta kwenye kile kichumba cha meza chenye mgongo uliozibwa, maana hewa iliyotolewa nyuma itarudi mbele ikiwa moto.

Kilichobaki kwangu ni feni ya pawasaplai, kile kisanduku kinachogawia vifaa umeme kutoka ukutani, ambayo sasa ndiyo inayosikika kuliko nyingine. Hiyo sitaifungua, wala simshauri yeyote asiye fundi wa umeme kuifungua, kwa kuwa kapasita zake, yaani vihifadhi umeme vya ndani, huweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani. Nitaibadilisha yote, nichukue yenye alama ya 80 PLUS, inayoonyesha kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa ukutani unafika kwenye vifaa badala ya kugeuka joto ndani ya kasha, na iwe ya wati 450 hivi, ili ifanye kazi chini ya nusu ya uwezo wake bila kulazimika kukimbiza feni. Kwa kuwa plagi ya umeme ya mazabodi yangu si ya kawaida, itanibidi nitafute pia waya wa kugeuzia.