Ramani Nyekundu ya Albert Apponyi

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma habari za Albert Apponyi, na kila ninapodhani nimeshamwelewa, ananiponyoka. Alizaliwa Vienna mwaka 1846 katika ukoo wa makabaila wa Hungaria, akaingia bungeni mwaka 1872, na tangu hapo, ukiondoa muda mfupi tu, hakutoka tena hadi kifo chake. Alipata kuwa Spika, tena katika miaka ileile ambayo Bunge lilihamia kwenye jengo lake jipya kando ya mto Danubi mjini Budapest.

Linaloniuma ni sheria iliyobeba jina lake. Mwaka 1907, akiwa Waziri wa Dini na Elimu, alizibana shule za msingi zilizofundisha kwa Kislovakia, Kiromania na lugha nyingine za ufalme ule: mtoto amalizapo mwaka wa nne, awe anaweza kueleza mawazo yake kwa Kihungaria, kwa mdomo na kwa maandishi. Aliyewahi kukaa darasani akitafuta neno ambalo nyumbani kwao halisemwi anajua jinsi ulimi unavyokuwa mzito.

Kisha ikaja Januari 16, 1920. Hungaria ilikuwa imeshindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, naye, mzee wa miaka 73, alisimama Paris mbele ya washindi kuitetea. Alizungumza Kifaransa, akajitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, akamalizia kwa Kiitaliano. Aliomba wakazi wa maeneo yaliyokuwa yakimegwa waulizwe kwa kura wanataka kuwa wapi. Lloyd George, Waziri Mkuu wa Uingereza, alipotaka kujua Wahungaria watakaobaki nje ya mipaka wanaishi wapi, Apponyi alikunjua ramani iliyowaonyesha kwa rangi nyekundu, na wakubwa wale wakainama kuitazama. Haikusaidia. Mkataba uliotiwa saini katika kasri la Trianon, Versailles, Juni 4, uliiondolea Hungaria takriban theluthi mbili ya ardhi yake, na Wahungaria zaidi ya milioni tatu wakajikuta katika nchi za wengine.

Naamini kilio chake cha Paris kilitoka moyoni, na ndiyo maana namlaumu zaidi kwa kutokisikia kilio hichohicho kwa Waslovakia na Waromania alipokuwa na madaraka.

Alifia Geneva, Februari 7, 1933, akiwa na miaka 86, alikokwenda kuiwakilisha Hungaria katika mkutano wa kupunguza silaha. Bado alikuwa mbunge.