Breka iliyogoma Vingunguti

Mwaka 2011 mgao wa umeme uliipiga Dar vibaya. Mabwawa yamekauka, viwanda vinaishi kwa jenereta, na sisi mafundi hatulali. Nilikuwa saidia fundi wa mzee mmoja wa Buguruni, mtu wa maneno machache.

Asubuhi moja tukaitwa kiwanda cha unga, Vingunguti. Umeme umesharudi, lakini breka ya ampea 400, ile swichi kubwa inayojikata yenyewe kukiwa na hitilafu, inayolisha vinu, haishiki. Ukipandisha mkono wake, unarudi palepale katikati. Fundi aliyetutangulia alikwishatoa hukumu kwamba imekufa, inunuliwe nyingine. Tajiri alikuwa ameshapiga simu Kariakoo kuuliza bei, na kwa sura yake, jibu halikuwa zuri.

Mzee hakuugusa hata ule mkono. Akauliza, "Kile kitufe chekundu pale ukutani cha nini?"

"Cha kuzima vinu vyote, mzee. Mtu akinaswa."

"Basi breka hii ina koili." Alimaanisha sumaku ndogo ya waya inayoweza kuiangusha breka, yaani kuikata.

Akafungua paneli, akachukua multimita, kile kipimo cha umeme. Juu ya breka, fezi na nyutro, volti 230 na ushei. Kwenye koili, sifuri. Tukafuata waya mpaka kwenye fyuzi ndogo. Imeungua. Nadhani ni purukushani za kuhama kutoka jenereta kwenda umeme wa gridi. Nikaweka nyingine, koili ikalia ta! Mzee akashusha mkono mpaka chini kabisa, maana breka iliyotripu, yaani iliyojikata yenyewe, haipandi bila hivyo, kisha akaupandisha. Ukashika.

Tajiri akafurahi kidogo tu. "Sasa ing'oeni hiyo koili. Umeme ukiyumba kidogo, inaniangushia kiwanda. Yule mwingine kasema niweke ya shanti."

Hapo ndipo nilipomsikia mzee akiongea kwa kirefu. Shanti, alisema, hukaa kimya bila umeme. Ukibonyeza kitufe ndipo unaipelekea umeme, nayo inaangusha breka. Hii ya anda-volteji ni kinyume: umeme ndio unaoizuia, ukikatika inaachia. "Tajiri, leo fyuzi imeungua, breka imegoma, umepoteza asubuhi. Ingekuwa shanti, vinu vingezunguka kama kawaida, na siku mtu akinaswa mnabonyeza kitufe, hakuna kitu."

Tajiri hakujibu upesi.

Malalamiko yake hata hivyo yalikuwa ya haki. Koili ya aina hiyo huruhusiwa kuachia volti zikishuka chini ya asilimia 70, yaani kama 161 kwa ile ya 230, na mwaka ule kushuka kwa ghafla kulikuwa jambo la kila siku. Mzee akaagiza kifaa cha kuchelewesha, kinachoishikilia koili kwa muda mfupi umeme unapoyumba. Akanionya kitufe kifungwe kati ya kifaa hicho na koili. Ukikifunga kabla yake, hata anayebonyeza kwa dharura atasubirishwa. Mafundi wengi hulipita hilo, na mimi hulikagua mpaka leo.

Siku ya kujaribu, vinu vikiwa vimejaa mahindi, tajiri akataka kubonyeza mwenyewe. Breka ikaanguka papo hapo, kiwanda kizima kikapoa. Akacheka, halafu akamgeukia mzee: "Na mahindi yaliyokwama humo ndani, fundi, nani anayatoa?"